Sifuri Niliyompa Yhoselin

Hapa El Alto, mita elfu nne juu ya bahari
ambayo nchi yetu haina,
maji ya kunawa huganda ndooni kabla ya kengele
na upepo hauombi ruhusa kuingia darasani.
Basi wazazi, Jumamosi tatu mfululizo,
walifyatua matofali ya udongo na nyasi kavu,
wakainua kuta nne nyuma ya choo cha wavulana,
wakaziezeka nailoni ya manjano.
Ukiinama mlangoni unakutana na joto
la kwapani mwa mama.

Watoto wangu wa darasa la nne
walijua bei ya tambi, bei ya soda ya chupa kubwa,
na basi gani linapita gulioni Alhamisi.
Karoti waliijua vipande vipande, ndani ya supu,
wakaichokoa kwa kidole
wakaipanga ukingoni mwa sahani.
Limbert aliniuliza,
"Mwalimu, huota juu ya mti gani?"
Nilicheka.
Kisha nikakumbuka kwamba bibi yake
alipanda viazi kwa kutazama kilimia,
na kutoka kwa bibi yule hadi kwa mjukuu huyu
ni safari ya lori moja, ya usiku mmoja.
Sikucheka tena.

Babake Grover alileta samadi ya lama
katika gunia lililokuwa la saruji.
Maganda ya viazi tuliyakusanya jikoni,
tukayalaza, tukayafunika, tukayasubiri,
na siku mvuke ulipotoka kwenye lundo
watoto waliotesha mikono yao kama moto.
Juni, jalidi ilitupitia:
dirisha moja lilisahauliwa wazi
na asubuhi saladi zote
zilikuwa karatasi iliyolowa.
Hakuna aliyemtaja mtu.
Nilimwona tu mmoja akitazama sana viatu vyake.

Karoti zilipona. Karoti hujificha.
Siku ya kuvuna nilikuwa na fomu kutoka wilayani:
kung'oa, kuosha, kupima, kuonja. Alama kumi.
Limbert aliuma yake na udongo wake,
akatafuna, akanyamaza,
akairamba hata mizizi.
Yhoselin alisimama juu ya yake
kama kipa.
"Ng'oa."
"Bado haijamaliza."
"Haijamaliza nini?"
Hakujua. Alijua tu kwamba bado.
Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo.
Niliandika sifuri, kwa wino mwekundu,
tena nikaikoleza.

Likizo ya Desemba, mlinzi, mzee Eleuterio,
alinipigia simu: yule msichana anakuja
kila siku ya pili na kopo la maziwa lenye maji,
nimfungulie?
Mfungulie, nilisema, huku nikikaanga mayai.

Sikuona jinsi shina lilivyopanda hadi kifuani pake,
jinsi lilivyofungua miavuli myeupe,
mwavuli ndani ya mwavuli,
wala nyuki walitoka wapi
katika mji huu wa vumbi na matofali,
wakaipata tundu ya nailoni
ambayo mimi kila wiki nilisema nitaiziba.

Februari aliweka mezani kwangu
bahasha ya bili ya umeme.
Nilisikia harufu kabla sijaona:
mbegu kahawia, zenye vinyweleo,
ndogo kama chawa.
"Sasa imemaliza," alisema,
akaenda kukaa.

Limbert alijitolea kuhesabu.
Alifika mia saba na kumi na mbili,
akapiga chafya.

Hadi leo fomu ile imo kwenye faili.
Sifuri sijaifuta, niliikoleza mno,
wino umetokeza upande wa pili wa karatasi.
Wameshapanda, mstari kwa mstari,
na jana, tukipunguza miche,
Limbert alinivuta sketi, akanong'ona,
wenzake wasisikie:
"Mwalimu, mwaka huu
naweza kupata sifuri mimi?"